Muziki Mtakatifu Uhamapo: Habari za Viola na Hapsikodi

Maneno yaliyonenwa mbele ya walimu na waimbaji wa mitaa



Tumepewa kazi ya kunena juu ya muziki mtakatifu. Jambo hilo ni kubwa, wala bahari haikaushwi kwa kikombe. Basi tumejichagulia pembe moja tu, nayo ni hii: muziki uliotungwa zamani kwa ajili ya kinanda, au kwa ajili ya waimbaji wa kanisani, unapochukuliwa na kupangwa upya ili upigwe kwa viola na hapsikodi. Twajua ya kuwa wengi wenu hamjaviona vyombo hivi kwa macho. Lakini swali lililomo ndani yake mwalijua sana, maana mwakutana nalo kila Jumamosi jioni mnapowafundisha waimbaji. Wimbo umeandikwa kwa sauti nne, nawe unazo tatu tu. Kitabu chataka kinanda, na kinanda kimeliwa na mchwa. Ufanyeje? Uuache wimbo, au uupange upya? Na ukiupanga upya, je, ni wimbo ule ule?

Wako wasemao kwamba kuupanga upya muziki wa mtu ni kumharibia kazi yake. Husema, aliyetunga alijua alilotaka. Kama angalitaka viola, angaliandika viola. Neno hili si la kudharauliwa, kwa kuwa lina heshima ndani yake, na heshima kwa kazi ya wazee ni jambo jema. Wako na wengine wasemao kwamba muziki ni muziki tu, na upigwe kwa chochote kilicho karibu. Hao twawaogopa zaidi kuliko wale wa kwanza, maana ndio wawezao kuuvunja wimbo vipande vipande wala wasijue wamevunja nini.

Na tuvitazame kwanza vyombo vyenyewe.

Viola ni dada mkubwa wa fidla. Huwekwa begani namna ile ile, na hupigwa kwa uta wenye singa za farasi, kama vile zeze la Wagogo lipigwavyo kwa uta wake. Ina nyuzi nne, nazo zimeshuka chini ya nyuzi za fidla kwa hatua tano; uzi wa chini kabisa watoa do iliyo oktava moja chini ya do ya katikati ya piano. Kisanduku cha fidla kina urefu wa sentimita 35 na nusu hivi, na cha viola mara nyingi ni baina ya 40 na 43. Lakini ukipima kwa jinsi sauti zake zilivyoshuka, kisanduku hicho kingalipasa kuwa kikubwa zaidi, hata mtu asingaliweza kukishika begani. Basi viola ni chombo chenye mwili mdogo kuliko sauti yake, na kwa sababu hiyo sauti yake ina kivuli, kama sauti ya mtu mzima anenaye taratibu jua likichwa. Katika muziki mwingi wa karne ya 17 na ya 18 ilipewa kazi ya kujaza katikati tu, kama alto wetu ambao mara nyingi huimba noti mbili tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho wake. (Ninyi alto msitukasirikie, tutarudi kwenu kwa maneno mazuri zaidi.)

Hapsikodi ni kinanda cha nyuzi, tena chaizidi piano kwa umri. Lakini piano huzipiga nyuzi kwa nyundo, na hapsikodi huzidonoa. Kibao kikibonyezwa, kijiti chembamba cha mti huinuka, nacho kina ulimi mdogo uliotengenezwa kwa unyoya wa ndege. Ulimi huo hukwaruza uzi mara moja na kupita. Aliyepata kusikia kanuni ikipigwa katika taarabu ya Unguja ataijua ladha yake, maana kanuni nayo hudonolewa. Sauti hutoka kali na safi, kisha hufifia upesi. Tena, ubonyeze kwa nguvu au kwa upole, sauti ni karibu ile ile. Hapsikodi haijui kunong'ona, wala haijui kupaza.

Basi mwaona jinsi vilivyoachana. Viola yaweza kuishika noti, na kuikuza, na kuipunguza mpaka iwe kama pumzi, lakini yaimba vizuri sauti moja tu, na mbili kwa shida. Hapsikodi yaweza kutoa sauti nne au tano pamoja, lakini haiwezi kushika hata moja. Alichonyimwa huyu amepewa yule. Na mwenye kupanga muziki kwa ajili yao hana budi kuliweka jambo hili mbele ya macho yake siku zote, kama mpishi awekavyo chumvi karibu.

Sasa tumtazame mtu mmoja ambaye kazi yake yatosha kutujibu swali letu. Johann Sebastian Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach katika nchi ya Ujerumani, akafa mwaka 1750 katika mji wa Leipzig. Alikuwa mpigaji wa ogani, yaani kinanda kikubwa cha kanisa chenye mabomba, na sifa zake zilienea katika nchi yake. Lakini mwanawe, Carl Philipp Emanuel, aliandika habari ya kuwa baba yake, watu walipokusanyika kupiga pamoja, alipenda zaidi kushika viola. Hakuna aliyemlazimisha, angaliweza kuchukua nafasi ya mbele. Nasi twadhani sababu yake ni hii: aliye juu husikia wimbo, aliye chini husikia msingi, bali aliye katikati husikia yote mawili, juu yake na chini yake. Basi alto wetu na wafurahi.

Mtu huyu hakuogopa kuhamisha muziki. Alipokuwa katika mji wa Weimar, karibu na mwaka 1713 na 1714, alizichukua konseti za Antonio Vivaldi wa Venezia, zilizotungwa kwa ajili ya fidla. Nyingine katika hizo zilikuwa zimechapwa Amsterdam mwaka 1711. Akazipanga kwa hapsikodi peke yake au kwa ogani peke yake. Wala hakunakili kama karani. Palipokuwa na besi yenye kwenda polepole aliitia mwendo, na palipokuwa na fidla yenye kuimba kwa noti ndefu alizipamba zile noti kwa noti ndogo ndogo, kwa kuwa alijua hapsikodi haiwezi kuzishika. Baadaye aliichukua konseti moja ya Vivaldi ya fidla nne, akaipanga kwa hapsikodi nne. Hapo twajifunza neno la kwanza: aliutii muziki, lakini hakuitii kila noti, maana noti nyingine ziliandikwa kwa sababu ya chombo tu, na chombo kikibadilika sababu ile haipo tena.

Yapo mengine yaliyo karibu zaidi na viola. Bach aliacha sonata moja iliyo katika namna mbili. Namna moja yataka filimbi mbili zikienda pamoja na besi. Namna ya pili yataka watu wawili tu: mmoja apiga viola da gamba, chombo cha uta kiwekwacho baina ya magoti, na mwingine apiga hapsikodi. Watu wamepungua, lakini sauti hazikupungua. Filimbi moja imepewa mkono wa kuume wa hapsikodi. Filimbi ya pili imeshushwa oktava moja ikapewa viola da gamba. Na besi imekaa katika mkono wa kushoto. Sauti tatu zilikuwapo, na sauti tatu zingalipo. Siku hizi wapigaji wa viola hizi zetu za begani huipiga mara nyingi sonata hii pamoja na ndugu zake wawili. Pahali fulani fulani gamba yashuka chini kuliko viola iwezavyo, na hapo mpigaji hana budi kuipandisha sauti oktava moja; lakini heri aanze kupandisha mapema, mwanzoni mwa sentensi ya wimbo, kuliko kuruka ghafula katikati kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Hiyo ndiyo siri ya kazi yote, na walimu waishike: hesabu sauti kabla hujahesabu watu. Ukizijua sauti ni ngapi, na kila moja yatoka wapi na yaenda wapi, ndipo utakapojua ni nani wa kuichukua. Mwaka 1730 hivi Bach alikusanya sonata sita za ogani, ambazo twaambiwa zilikuwa za kumfundishia mwanawe wa kwanza, Wilhelm Friedemann. Katika hizo mkono wa kuume una sauti yake, mkono wa kushoto una sauti yake, na miguu, iliyo juu ya vibao vya chini, ina besi. Mkono ule wa kushoto hukaa kwa sehemu kubwa pale pale viola ikaapo. Mpe viola sauti ile, umpe hapsikodi sauti ya juu na besi, na kazi imekwisha kabla ya wino kukauka. Si kila muziki ulio rahisi hivyo.

Na tuseme sasa habari ya wimbo mmoja kwa kirefu, maana ndio utakaotuonyesha mambo yalivyo.

Mwishoni mwa karne ya 16 tauni iliingia katika mji wa Unna, Ujerumani, ikaua watu wengi sana. Mchungaji wa mji ule, Philipp Nicolai, alizika watu siku kwa siku, na katika siku zile akaandika kitabu cha kuwafariji waliosalia. Kikachapwa mwaka 1599. Ndani yake mlikuwa na wimbo juu ya wanawali kumi wa Injili ya Mathayo, sura ya 25: walinzi wauita mji uamke, kwa kuwa Bwana arusi yuaja. Miaka zaidi ya mia ikapita. Tarehe 25 Novemba mwaka 1731 Bach akaufanyia wimbo huo kantata, ndiyo ile iliyopewa hesabu ya 140. Katikati yake mna sehemu moja ambayo waimbaji wa sauti ya tena huimba tuni ya Nicolai, polepole na bila pambo, na juu yao fidla zote na viola zote kwa umoja hupiga wimbo mwingine kabisa, wenye mwendo wa watu waendao arusini. Chini yake ipo besi. Sauti tatu tu.

Sasa angalieni. Kantata ile ilitungwa kwa Jumapili ya 27 baada ya Sikukuu ya Utatu, na Jumapili hiyo haipatikani ila mwaka ambao Pasaka imeangukia mapema sana. Mtu angeweza kukaa miaka mingi asiisikie. Tena kantata hazikuchapwa. Katika zote za Bach zilizotufikia, moja tu ilichapwa angali hai, nayo ni ya mwaka 1708. Basi muziki huu ulikuwa kama taa iliyofichwa chini ya pishi. Lakini karibu na mwaka 1748, mtu mmoja wa mji wa Zella aitwaye Johann Georg Schübler alichapa vipande sita vya Bach vya ogani, na cha kwanza kilikuwa hicho hicho: sauti ya fidla katika mkono wa kuume, tuni ya Nicolai katika mkono wa kushoto, besi miguuni. Katika vile sita, vitano twajua vilitoka katika kantata. Mpigaji mmoja wa ogani, katika mji wowote, siku yoyote, aliweza sasa kuupiga muziki ambao zamani ulitaka waimbaji na wapigaji wengi na Jumapili isiyokuja. Wasemao kwamba kuhamisha ni kuharibu, na watuambie kingalihifadhiwaje.

Mwenye viola na hapsikodi akikichukua kipande hiki, atakutana na njia panda. Viola apewe nini? Wako wasemao apewe ule wimbo wa arusini, kwa kuwa katika kantata viola zilikuwamo katika kuupiga, na mwendo wake ni mwendo wa uta. Hoja yao ina nguvu. Lakini sisi twaona kwamba apewe tuni. Kwanza, tuni iliimbwa na tena, na sauti ya tena huangukia katika viola kama maji katika mtungi. Pili, noti zake ni ndefu, nazo zikiwekwa katika hapsikodi zitafifia kabla ya wakati wake, na mkutano utasikia vipande vya tuni wala si tuni. Ule wimbo wa arusini una noti nyingi fupi, na hapsikodi itauchezea kwa furaha. Twakubali kwamba kitu kimoja chapotea: pale fidla zilipovuta uta kwa upole, hapsikodi haitaweza. Lakini tuni ndiyo neno la Injili katika kipande hiki, na mtu akilazimika kupoteza, apoteze pambo.

Tena asijaze. Kishawishi ni kikubwa cha kutia noti za katikati, kwa sababu mkono wa kuume wa hapsikodi una vidole vitano na mwona vitatu vimekaa bure. Lakini kile kilichochapwa na Schübler kina sauti tatu, wala hakuna pahali panapolia njaa. Mwalimu anayemwongezea Bach noti na ajiulize mara mbili.

Kipande kingine ni cha namna tofauti. Katika miaka yake ya Weimar Bach alianza kitabu kidogo cha ogani, akakusudia kuweka ndani yake tuni 164. Akamaliza 46 tu, na kurasa nyingine zikabaki na jina la wimbo juu na weupe chini yake. Moja katika zile 46 ni sala ya mtu amwitaye Bwana Yesu Kristo katika dhiki. Katika kitabu kile chote ndicho kipande pekee chenye sauti tatu. Juu ni tuni yenye pambo kidogo. Katikati ni noti za mbio zisizokoma, kama mawazo ya mtu asiyepata usingizi. Chini ni besi yenye kupigapiga kwa hatua sawasawa, mithili ya moyo. Hapa viola achukue tuni, na hapsikodi achukue sauti mbili zilizobaki. Hilo halina mabishano. Mabishano ni juu ya kimo chake. Viola hupenda kushuka chini mahali sauti yake ilipo na kivuli, na wapangaji wengine huishusha tuni oktava nzima ili kumpendeza. Lakini hapo tuni yaangukia ndani ya zile noti za mbio, nazo zote mbili zakanyagana kama watu wawili mlangoni. Na mahali pengine ikishuka chini ya besi, besi si msingi tena. Nyumba imepinduliwa, paa iko chini. Mmepata kuyaona haya katika kwaya, tena anapojisahau na kushuka chini ya besi: kila mtu aimba sawasawa, na wimbo haukai. Sisi twasema, tuni ikae mahali alipoiweka Bach, hata ikiwa uzi wa kwanza wa viola utafanya kazi zaidi ya kawaida yake.

Juu ya nguvu ya sauti yako maneno mafupi. Viola ya siku hizi yenye nyuzi za chuma yaweza kuifunika hapsikodi kabisa. Zamani nyuzi zilikuwa za matumbo ya kondoo, na uta ulikuwa mwepesi. Wengi wapigao muziki huu leo hurudia nyuzi zile, na hushusha la yao hata mitetemo 415 kwa sekunde, ambayo ni nusu hatua chini ya ile 440 iliyozoewa. Asiye na nyuzi hizo na apige kwa upole.

Sasa twafika penye jambo gumu kuliko yote, nalo ni maneno. Muziki wa kanisa ni mtumishi wa maneno. Ukiuchukua wimbo wa waimbaji ukaupa viola, maneno yamekwenda. Je, umebaki mtakatifu? Wajerumani wa siku za Bach hawakupata shida hiyo, kwa kuwa walizijua tuni tangu utoto. Mpigaji alipoanza, maneno yaliinuka yenyewe mioyoni mwao. Sisi hatuwezi kutegemea hivyo kwa kila tuni. Kwa hiyo shauri letu kwa walimu ni hili: kabla ya kupigwa kipande cha namna hii, ubeti mmoja wa wimbo wenyewe uimbwe na watu, au usomwe kwa sauti. Bila hivyo tunawapa wageni barua iliyofungwa. Na mwenye kuipiga viola na ayaandike maneno chini ya noti zake, avute pumzi pale waimbaji wavutapo. Uta usiojua maneno hukata sentensi pasipotakiwa.

Wengine hapa watasema, Bach alikuwa Mlutheri. Je, vitu vyake vyatuhusu? Yeye hakuuliza hivyo juu yetu. Alikuwa na misa ya Palestrina wa Roma, akainakili na kuiongezea vyombo kwa ajili ya waimbaji wake. Tena yuko kijana wa Italia, Giovanni Battista Pergolesi, aliyekufa mwaka 1736 akiwa na umri wa miaka 26. Katika mwaka wake wa mwisho aliutungia muziki wimbo wa Mama wa Yesu chini ya msalaba, ule ambao sisi twaujua katika Njia ya Msalaba, kwa sauti mbili na vyombo vya nyuzi. Miaka kama kumi baadaye Bach akauchukua muziki huo, akatia ndani yake zaburi ya toba, ya 51, ile ambayo vitabu vya Kilatini vya zamani huihesabu ya 50, kwa Kijerumani. Muziki wa huzuni ya Mama ukawa muziki wa kilio cha mwenye dhambi. Na alipokuwa akiupanga aliona kitu: katika mahali pengi Pergolesi aliifanya viola ifuate besi tu, kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Bach akaipa viola njia yake mwenyewe. Hakuibadili sauti ya juu ambayo watu wataisikiliza kwanza. Alikwenda katikati, kwenye sauti isiyosikilizwa na mtu, akaiheshimu.

Wala kabla yake haja hii haikukosekana. Heinrich Schütz wa Dresden alizoea kuandika kwa makundi mengi ya waimbaji, na mwaka 1619 alichapa zaburi za namna hiyo. Kisha vita vilivyoanza mwaka 1618 vikaendelea mpaka 1648. Mishahara ikakatika, na waimbaji wakatawanyika. Mwaka 1636 na mwaka 1639 alichapa nyimbo takatifu nyingine, za mtu mmoja hata watano tu, pamoja na kinanda. Hakungoja amani irudi ndipo aandike tena. Mtaa wenye waimbaji watano na uzikumbuke nyimbo hizo.

Juu ya sheria ya Kanisa tuseme wazi, maana tumeulizwa. Mwaka 1903 Papa Pio wa 10 alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma, matoazi na vyombo vya kelele. Ogani aliikubali, na vyombo vingine kwa kiasi na kwa ruhusa ya askofu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliisifu ogani, kisha ukaruhusu vyombo vingine vifaavyo ibada, kwa kukubaliwa na wenye mamlaka. Ndivyo hata ngoma zetu zilivyoingia. Basi viola na hapsikodi hazikatazwi. Lakini zina sauti ndogo, haziwezi kuongoza mkutano wa watu mia tano. Mahali pake ni kabla ya Misa, au baada yake, au katika mkutano wa muziki kanisani. Wimbo wa watu wote na uachiwe kinanda au waimbaji.

Neno moja limesalia, la walimu wanaoandika kwa mikono yao. Mkipanga muziki upya, andikeni juu ya karatasi jina la aliyetunga, na kitabu au sauti alizozitungia, kisha andikeni mlichobadili: tuni imeshushwa, sauti fulani imeachwa. Atakayekuja baada yenu na apate njia ya kurudi. Bach mwenyewe, vile vipande sita vya Schübler vilipokwisha kuchapwa, aliona mashine haikusema yote. Akachukua nakala yake, akashika kalamu, akasahihisha makosa ya mchapaji, na pahali pengine akaandika sauti ipi ni ya mkono upi na ipi ni ya miguu. Nakala hiyo ingalipo; imehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Princeton, Marekani, na wino wake wasomeka.